Ferguson na yule farasi: tumlaumu au tumwache apumzike?

Wakuu, kila Manchester United ikipigwa, kijiweni kwetu wimbo ni ule ule: kocha Alex Ferguson, Fergie, alipostaafu aliacha kikosi cha wazee. Hoja hiyo mimi naiona nyepesi. Ndiyo, Mei 2013 Giggs alikuwa na miaka 39, Ferdinand 34, na Scholes alistaafu pamoja na bosi wake. Lakini kikosi hicho kilikuwa kimetoka kubeba ubingwa kwa pointi 89, Manchester City wakiachwa kwa 11, na golini yupo De Gea wa miaka 22. Wazee wanabadilishwa. Mwenye klabu habadilishwi.

Kosa lenyewe nalitafuta kwenye zizi la farasi. Farasi Rock of Gibraltar alishinda mbio 7 mfululizo za daraja la kwanza kati ya 2001 na 2002, akikimbia kwa jina la Ferguson na la mke wa John Magnier, tajiri wa farasi. Farasi wa aina hiyo akistaafu ndipo hela inapoanza, maana kila jike analopanda linalipiwa. Ferguson na Magnier wakagombania hela hizo mpaka mahakamani Dublin. Sasa Magnier na mwenzake J.P. McManus ndio walikuwa wanahisa wakubwa wa United! Kesi ikamalizwa kwa maelewano Machi 2004, urafiki ukawa umekwisha. Mei 2005 wakamuuzia tajiri wa Marekani, Malcolm Glazer, hisa zao zote, asilimia 28.7, naye akaichukua klabu na kuitwisha deni la kuinunulia. Ni kama mtu akope benki anunue duka lako, kisha marejesho yatoke kwenye droo ya duka hilo hilo.

Mnasemaje?

— Kaka, unamtwika kocha mzigo wa wenye hisa. Klabu ilikuwa kwenye soko la hisa la London tangu 1991, na Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, aliitaka 1998, serikali ndiyo iliyomzuia. Huyo farasi alikuwa wapi? Tena chini ya Glazer, Fergie alichukua ligi 5 na Ulaya ya 2008.

— Makombe hayo ndiyo yaliyoficha nyufa, mkuu. Alipoondoka tu, Moyes, Mskoti mwenzake aliyemchagua mwenyewe, hakufikisha hata mwaka.

— Nyie mnaijua United tu. Pale Aberdeen, klabu ya Scotland aliyoifundisha kabla ya United, hakukuwa na Magnier wala Glazer, na 1983 kule Gothenburg aliwafunga Real Madrid 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Baada ya ubingwa wake wa 1985, miaka 40 ilipita Celtic na Rangers wakipokezana ligi ya Scotland wao kwa wao. Urithi wake upimeni huko.

— Mleta mada narudi. Aberdeen nakubali, sina ubishi. Kinachoniuma ni huyu Fergie, kijana wa Govan, mtaa wa Glasgow, fundi mwanagenzi aliyewahi kuongoza mgomo wa wenzake kiwandani. Mwaka 2005 mashabiki wakasusa, wengine wakaenda kuunda FC United of Manchester. Yeye alikaa upande wa Glazer. Anayeweza kulitetea hilo aje.