Redio ya kaseti ya gari na sauti ya simu: transmita, kaseti ya waya au AUX ya fundi?

MzawaKirumba
Habari zenu, wanajukwaa. Nina Toyota Carina iliyoagizwa Japani ikiwa imetumika, yenye redio ya kaseti iliyotoka nayo kiwandani, na ningependa isikike sauti ya simu bila kuing'oa redio hiyo. Naona njia tatu: transmita ya FM (kifaa kinachorusha sauti ya simu kama kituo kidogo cha redio) inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, kaseti yenye waya, au fundi aniwekee kwa ndani tundu la AUX, yaani la kuchomeka waya wa sauti kutoka kwenye simu. Safari zangu nyingi ni za Musoma na Geita. Ninyi mngechagua ipi?

DerevaLamadi
Transmita haigusi waya hata mmoja wa gari, lakini kwa gari lako ningeiweka mwisho. Redio za kaseti zilizotengenezwa kwa soko la Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali transmita nyingi hurusha kuanzia 87.5 hadi 108, kwa hiyo hukutana katika kipande chembamba ambacho unakigombania na vituo vya redio. Ukipata nafasi tupu Buzuruga hapa Mwanza, huenda ukifika Bunda kituo kingine kikaingia juu ya wimbo wako, nawe ukaanza kuhangaika na vitufe huku ng'ombe wanavuka barabara. Kama mwenye gari wa awali aliweka kile kifaa cha kuongeza masafa kwenye waya wa antena, nafasi zitakuwa nyingi zaidi, ila namba ya kwenye redio haitalingana na ya kwenye transmita.

BintiUkerewe
Chukua kaseti ya waya. Ndani yake hamna utepe, bali kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha kusomea cha redio, na sauti huvuka hapo bila kupita hewani, kwa hiyo Bunda na Sengerema hazitakusumbua. Kwanza safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, maana kikiwa na uchafu sauti hufifia na kuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Angalia pia simu yako, kwani nyingi za siku hizi hazina tundu la spika za masikioni na utahitaji kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji.

FundiNyakato
Kwa usafi wa sauti, AUX ya ndani huzishinda zote mbili, ila ifanywe na mtu anayeielewa saketi. Ishara ya simu haiungwi kwenye waya za spika hata kidogo; huingizwa kabla ya kidhibiti cha sauti, baada ya hatua inayokuza ishara ya kichwa cha kaseti, tena kupitia kapasita (kipande kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja) ili umeme wa redio usirudi kwenye simu. Njia hiyo hufunguka pale tu redio inapoamini kuwa kaseti inacheza, na ndiyo maana wengine huacha kaseti isiyo na sauti ikizunguka humo. Baadhi ya redio za Toyota zina plagi ya chenja ya CD (kisanduku cha kubadilisha CD kadhaa) kwa nyuma, lakini redio haifungui njia hiyo mpaka ipate mawasiliano ya chenja yenyewe, hivyo hulazimu kununua kisanduku kinachojifanya chenja. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, huo aghalabu hutoka kwa altaneta, yaani jenereta ya gari, wakati simu inachajiwa ndani ya gari. Kitenganishi chenye transfoma ndogo kwenye waya wa sauti huumaliza.

MzeeIgoma
Mkuu, mimi ningebadili redio nzima nipate blututhi na FM hadi 108. Kumbuka tu kwamba nafasi ya redio pana ya Toyota ni takriban milimita 200, na redio nyingi za kawaida ni 178, kwa hiyo nunua na vipande vya kuziba pembeni.

MzawaKirumba
Nashukuruni. Redio sitaibadili, kwa sababu dashibodi bado ni nzima na inapendeza. Swali kwa FundiNyakato: kaseti ya kawaida nikiitia, hucheza kidogo kisha redio huitema. Hiyo ya waya itafanya kazi?

FundiNyakato
Huenda ikatemwa vilevile, kwa sababu redio husikilizia mzunguko wa vigurudumu, na mkanda wa mpira uliolegea huifanya idhani utepe umekwama. Mkanda huo ubadilishwe kwanza. Fundi akiwa ameshaifungua, mwulize bei ya kuweka AUX papo hapo, kwani kazi ngumu ya kuchomoa redio itakuwa imekwisha, na wewe hutahitaji kaseti ya waya.