Je, dakika 15 za mazoezi kila siku shuleni zinatosha kuimarisha afya ya watoto?

Mwalimu wa Taaluma

Ndugu walimu na wazazi, shule yetu inafikiria kutenga dakika 15 kila siku ili watoto wote wakimbie au watembee kuuzunguka uwanja. Baadhi ya wenzangu wanaona kwamba muda huo ni mfupi mno kuleta tofauti, na wengine wanahofia kwamba utamega vipindi vya hesabu na kusoma. Je, zoezi fupi namna hiyo humwongezea mtoto pumzi kweli? Na likikubaliwa, liwekwe saa ngapi?

Mkufunzi wa Michezo

Mwalimu, wazo hilo limekwisha kujaribiwa na kupimwa. Mwezi wa Februari 2012, Elaine Wyllie, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Ninian's mjini Stirling, Uskoti, alianzisha utaratibu wa kuwatoa wanafunzi nje kwa dakika 15, wakiwa na nguo zao zilezile za darasani na kila mmoja akienda kwa mwendo anaoumudu. Kwa kuwa wengi hufikisha takriban maili moja, yaani kilomita 1.6, mpango huo ukaitwa The Daily Mile, yaani Maili ya Kila Siku. Watafiti walilinganisha shule yenye mpango huo na shule isiyo nao, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 watoto wa shule ya kwanza walikuwa wameongeza umbali wao katika jaribio la kukimbia kwenda na kurudi kwa takriban asilimia 5 kuliko wenzao, huku muda wao wa kukaa bila kujishughulisha ukipungua kwa kama dakika 18 kwa siku.

Hata hivyo, shule mbili ni chache, na utafiti mpana zaidi uliofanyika Birmingham, Uingereza, katika shule 40, haukuona kwa ujumla tofauti ya maana katika uwiano wa uzito na urefu wa watoto. Kwa hiyo mnapozungumza na wazazi, ahidini pumzi. Msiahidi kupungua kwa unene, ambao hutegemea pia chakula, usingizi na mengine mengi.

Mzazi Msomaji

Naomba kutofautiana kidogo na mwelekeo huu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi nzito, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Dakika 15 ni robo tu ya muda huo, tena kukimbia peke yake hakumfundishi mtoto kudaka, kuruka wala kupanda. Ninachokihofia ni uongozi wa shule kuona kwamba, maadamu watoto wanakimbia kila asubuhi, somo la michezo linaweza kufutwa kwenye ratiba.

Mkufunzi wa Michezo

Hofu hiyo ni ya haki, na jambo hilo liandikwe wazi tangu mwanzo: zoezi hili ni nyongeza. Faida yake iko katika kurudiwa, kwa sababu moyo na misuli hubadilika kwa kuchochewa mara kwa mara, na kipindi kimoja kirefu kwa wiki huacha siku nyingi tupu katikati.

Muuguzi wa Watoto

Kabla ya kuanza, shule iwafahamu watoto wenye pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu (siko seli), na wazazi wao waulizwe daktari alishauri nini. Mwenye pumu aanze taratibu ili mwili upate joto, na pampu yake ya dawa iwe mkononi mwa mwalimu aliyeko uwanjani badala ya kufungiwa ofisini. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu apangiwe njia yenye ardhi imara isiyo na mashimo ili ashiriki pamoja na wenzake.

Mwalimu wa Darasa

Kuhusu saa, nisingeipanga iwe moja kwa shule nzima. Mwalimu awatoe watoto anapoona darasa limeanza kusinzia, na muda huo usikatwe kwenye mapumziko yao, kwa maana hapo mtakuwa mmewanyang'anya mchezo na kuwapa zoezi. Msiwapange kwa nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, na kamwe mbio zisitumiwe kama adhabu. Mtoto aliyezoea kukimbizwa kwa kosa anaweza kuyachukia mazoezi hata akiwa mtu mzima.

Mwalimu wa Taaluma

Nawashukuru. Tutapimaje kama wanaimarika?

Mkufunzi wa Michezo

Tumieni mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, ambazo kasi yake huongezeka hatua kwa hatua kwa kufuata mlio, mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Kwa kuwa mtoto hukua na kupata nguvu hata bila mazoezi, pimeni pia darasa moja ambalo litaanza zoezi hili muhula unaofuata, kisha mlinganishe ongezeko la pande zote mbili.