Naomba ushauri: Sophie Dorothea wa Celle nimweke wapi?

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada wa mnaoifahamu historia ya Ujerumani.

Naandaa kitini kuhusu wake za watawala wa Kijerumani, na nimekwama kwa Sophie Dorothea wa Celle. Aliolewa mwaka 1682 na binamu yake, Georg Ludwig wa Hannover, wakapata watoto wawili. Julai 1694 Philipp Christoph von Königsmarck, aliyekuwa akiandikiana naye barua za mapenzi, alitoweka mjini Hannover. Desemba ndoa ikavunjwa, na mama huyu akafungiwa katika jumba la Ahlden hadi alipofariki mwaka 1726. Zaidi ya miaka 30 bila kuruhusiwa kuwaona wanawe! Mume naye alikuwa na hawara, wala hakuulizwa na mtu. Inaniuma sana.

Georg Ludwig alipata ufalme wa Uingereza mwaka 1714, akiitwa George I, miaka 20 baada ya talaka, kwa hiyo Sophie hakuwahi kuwa malkia. Lakini mwanawe ndiye George II, na bintiye alikuwa malkia wa Prussia, mama yake Friedrich Mkuu. Nikimpanga chini ya mume, msomaji atadhani alikuwa malkia. Nikimpanga chini ya watoto, maisha yake mwenyewe yanapotea.

Je, nimpe sura ya peke yake? Na kuhusu Königsmarck, niandike "aliuawa", kama inavyoaminika na wengi, au niishie kwenye "alitoweka"?