Kariakoo wanatuuzia kamera za gari dogo wakisema ni za trekta. Huu ni wizi!

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, nivumilieni, nina hasira tangu Jumapili.

Nina shamba Kimbiji, Kigamboni, na trekta dogo la HP 24 ambalo naliendesha mwenyewe. Halina kibanda: ni kiti, usukani na kijipaa cha turubai. Aliyewahi kulima na rotaveta, lile jembe la visu vinavyozunguka nyuma ya trekta, anaijua kazi yake. Macho mbele ufuate mstari, macho nyuma uone imezama kiasi gani, kama imeshika mpira wa matone wa kumwagilia, kama kuna mtoto kaja kuokota mihogo nyuma yako wakati shafti ya PTO, ile inayozungusha rotaveta kwa nguvu ya injini, inazunguka. Shingo inageukia bega la kulia kutwa nzima. Nina miaka 56. Jioni nikitaka kuvuka barabara nageuka mwili mzima kama mtu aliyefungwa ubao. Kwa hiyo kamera sikununua kwa mapambo.

Nikavuka na kivuko mpaka mjini, nikaenda Gerezani, hapo Kariakoo, kwenye maduka ya spea. Nikamwambia kijana kwa kinywa changu: naitaka ya trekta, itakaa nje kwenye vumbi na mvua, na nataka nione jembe muda wote, siyo wakati wa kurudi nyuma tu. Akaniambia, "Mama, hii ndiyo yenyewe, IP67, hata uitumbukize kwenye maji." Nikatoa 185,000. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema ikitoka risiti bei inapanda. Nikaandikiwa kikaratasi cha mkono, chini kimepigwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi.

Fundi umeme alipofungua boksi tu akacheka. Waya mwekundu wa kamera unatakiwa uungwe kwenye taa ya rivasi. Trekta langu halina taa ya rivasi! Maana yake kitu hiki kimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo, kiwake ukiingiza gia ya nyuma na kizime ukitoa. Ikabidi auchukue umeme kwenye swichi na kuweka fyuzi. Ilipowaka, katikati ya skrini kuna ile mistari ya kijani, njano na nyekundu ya kuegeshea gari, imekaa juu ya rotaveta yangu. Halafu picha ilikuwa kinyume, kulia kunaonekana kushoto. Fundi akapapasa mpaka akakuta vitanzi viwili vidogo vya waya karibu na kamera. Kukata kimoja mistari ikaondoka, kukata cha pili picha ikakaa sawa kama kioo cha pembeni. Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Kijana wa dukani hakusema neno.

Sasa hiyo IP67. Ni kweli maana yake vumbi halipiti, na kitu kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Lakini iliyoandikwa hivyo ni KAMERA. Skrini ni ya kukaa ndani ya gari, vioo vimefungwa! Mimi nakaa juani. Saa sita mchana huoni kitu zaidi ya uso wako mwenyewe. Manyunyu ya siku ya nne yakaingia kwenye skrini, ikabaki na doa jeusi upande mmoja. Na hiyo kamera yenyewe, kishikizo chake ni cha plastiki. Nusu saa ya mtikisiko inalegea, inaanza kuangalia mbingu.

Jumapili ndiyo ilinimaliza. Upande wa lile doa jeusi rotaveta ilishika mpira wa matone, sikuona, nikasikia tu sauti imebadilika. Nilipozima na kushuka, karibu mita 30 za mpira zilikuwa zimejisokota kwenye visu. Nimekaa chini nakata kwa kisu cha jikoni mpaka magharibi. Ingekuwa mtoto je?

Nimerudi dukani. Jibu: "Mama, fundi wako kafunga vibaya." Halafu akanionyesha muhuri.

Msiniambie "ungenunua ya bei kubwa". Nilisema ninachotaka, nikaambiwa ndicho hiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, na muhuri wa dukani haufuti sheria. Wiki hii naenda Tume ya Ushindani na boksi, kikaratasi, na picha za skrini.

Wenye matrekta madogo, ukiuliza kamera uliza kwanza skrini: inavumilia maji? Inaonekana juani? Waya una plagi za kukaza kwa mkono kama za malori, au zile za kuchomeka kama za redio? Akianza kukutajia rivasi, toka dukani.

Na kama kuna mtu hapa Dar anayo inayofanya kazi kwenye trekta lisilo na kibanda, aweke picha ya plagi na kishikizo. Mvua za vuli zinakaribia na nina ekari tatu hazijaguswa.