Msaada: treni ndogo ya kuzunguka mti wa Krismasi, mzee wangu alikuwa mtu wa reli

Binti wa Mwanza South

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa anayezijua hizi treni ndogo za umeme zinazotembea kwenye reli yake, zile ambazo wenzetu huko nje wanazizungusha chini ya mti wa Krismasi. Mi sijawahi kushika hata moja, nimeziona YouTube tu.

Iko hivi. Baba yangu ana miaka 76, kafanya kazi reli mpaka kastaafu, na miaka mingi alikuwa pale Mwanza South wanapoingiza mabehewa kwenye meli, MV Umoja, yanavuka ziwa kwenda Port Bell na Kisumu. Sisi watoto wake tumekua na honi ya treni masikioni. Sasa hivi miguu haimruhusu, anashinda sebuleni, akisikia honi upande wa reli anageuza uso dirishani anatulia hivyo hivyo mpaka sauti iishe ndo anarudi kwenye maongezi. Nataka Krismasi hii awe na treni yake mwenyewe pale chini ya mti, aiendeshe yeye kwa mkono wake, na mwanangu wa miaka 6 akae pembeni yake ajifunze.

Kaka yangu yuko Marekani anakuja tarehe 18 Desemba, kasema nichague mimi yeye atabeba kwenye begi. Bajeti laki sita, ikibana kabisa saba. Mti wetu ni wa plastiki, futi tano, una miguu mitatu ya chuma, nyumba iko Mkuyuni, sakafu tailizi. Kila nikifungua mtandaoni nakutana na herufi tu, mara HO, mara N, mara O, mara G, sielewi ipi ni ipi na ipi inamfaa anayeanza. Natanguliza shukrani.

Fundi wa Kirumba

Dada hongera kwa wazo. Kabla hujachagua herufi yoyote naomba nikwambie jambo moja la umeme maana naona kaka yako anatoka Marekani na hapo ndo watu wanapoumia.

Umeme wa kule ni volti 120, wa kwetu 230. Miaka kadhaa nyuma nililetewa seti kama hiyo siku ya Boxing Day, imetoka Marekani imekaa kwenye boksi lake safi kabisa, Krismasi asubuhi wakavalisha ile plagi kigeuzi cha kuingia kwenye soketi zetu wakachomeka. Watu wengi wanadhani kile kigeuzi kinabadilisha umeme, hakibadilishi chochote, kinabadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Nilipoifungua transfoma waya wa shaba umekuwa mweusi, vanishi imeyeyuka imeshuka mpaka chini ya chuma ikaganda kama asali iliyoungua. Mtoto wa ile nyumba alisimama pale kwenye benchi langu amekumbatia kichwa cha treni na wala hakulia, ananiangalia tu mikono. Bahati nzuri treni yenyewe ilikuwa nzima, niliwatafutia njia nyingine ikatembea, lakini sikukuu ilishapita.

Kwahiyo mwambie kaka yako kabla hajalipa apige picha ile lebo ya nyuma ya adapta. Ikiandikwa INPUT 100-240V 50/60Hz beba bila wasiwasi. Ikiandikwa 120V peke yake basi ama anunue adapta nyingine inayopokea 100-240V na kutoa volti zilezile, umeme wa aina ile ile (AC au DC) na ampea zisizopungua, ama huku utafute transfoma ya kushusha. Na kama kuna ndugu yenu Uingereza hiyo ni rahisi zaidi, kule volti ni kama zetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba, seti za Hornby unachomeka moja kwa moja.

Mdau wa Reli Isaka

Fundi kasema kweli tupu, hilo la adapta liwe namba moja. Mi nakuja kwenye zile herufi maana ndo kitu nakipenda.

Hizo herufi ni kipimo, yaani treni imepunguzwa mara ngapi kutoka ile ya kweli. N imepunguzwa mara 160, reli yake ina upana wa milimita 9, ndogo mno kwa mzee wa 76 na mtoto wa 6, kurudisha gurudumu relini utataka miwani. HO imepunguzwa mara 87, reli milimita 16.5. O ya Kimarekani mara 48, reli milimita 32, hii ndo ya kampuni ya Lionel iliyoanzishwa New York mwaka 1900, na kwa Wamarekani ukisema treni ya mti wa Krismasi wengi wanawaza hiyo. G ndo kubwa, ya LGB ya Ujerumani iliyoanza 1968, mara 22.5, reli milimita 45.

Sasa chukua kikokotoo dada. 45 mara 22.5 unapata 1012, yaani mita moja na kidogo. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Mwanza 1928 kutokea Tabora na ambayo mzee kaifanyia kazi, upana wake ni mita moja kamili. Kwahiyo G ndo reli ya mzee wako, wale Wajerumani waliichagua milimita 45 kwa ajili ya treni za aina hiyo hiyo. Halafu piga 16.5 mara 87 unapata 1435, na hiyo ni SGR, ile reli mpya pana. Ukinunua HO umemwekea mzee SGR sebuleni kabla ile ya Mwanza-Isaka haijaanza kubeba abiria.

Kwa moyo wangu ningesema G. Mzee akiona mabehewa mafupi mapana yamekaa kwenye reli nyembamba atayatambua kabla hujamwambia. Ila niseme ukweli seti mpya ya LGB inapita milioni, na duara lake dogo kabisa linakula mita 1 na sentimita 30, halafu kichwa chake kirefu kwenda juu, matawi ya chini ya mti wa futi tano yatakigonga. Kwa bajeti yako na mti wako naona HO.

Mama Wawili Nyegezi

Jamani mnamwacha mtoto. Miaka 6 na HO mmeangalia boksi? Seti nyingi za HO zimeandikwa miaka 14 kwenda juu, vitu vyake vyembamba, vile vishikizo vya kuunganisha behewa vinavunjika mtoto akivuta kwa nguvu. Mi wangu nilichukua ile kubwa ya betri, reli za plastiki, ina rimoti, unaiweka popote hata kwenye kapeti, umeme ukikatika yenyewe inaendelea kuzunguka gizani na taa yake ya mbele imewaka, watoto wa jirani wote walihamia kwetu. Shida yake ni betri tu, za kwetu zinataka saizi ya C, ile ya katikati, na sio kila duka la mtaani linayo, wengi wana ndogo na zile nene za tochi. Nunua za kuchaji kabisa uje nazo.

Na dada kama kuna mtoto anayetambaa hapo nyumbani, chochote utakachochukua weka mbali na mdomo wake.

Mdau wa Reli Isaka

Mama Wawili nakuelewa na kwa mtoto peke yake ningekuunga mkono. Ila soma vizuri alichoandika, anataka mzee aendeshe. Ile ya betri nyingi unabonyeza kitufe inaondoka na kasi yake, haina kile kitu cha kuongeza mwendo taratibu. HO ya kawaida ina kitasa, unazungusha kidogo kichwa kinaanza kujivuta, mabehewa yanakaza moja baada ya jingine tak tak tak, halafu ndo unaongeza. Mtu aliyepanga mabehewa kuingia melini maisha yake yote, huko ndo kwenye raha yenyewe. Mtoto akae mapajani kwa babu, mkono wake juu ya mkono wa babu, hatavunja kitu.

Kuna ya katikati pia, O za Lionel zenye rimoti, nzito, mtoto anazirudisha relini kirahisi na nyingine boksi linaandikwa miaka 4 kwenda juu. Kama kaka atakuta ya punguzo aiangalie. Ila zina uzito wa kutosha kwenye begi la ndege na nyingi zinapita laki saba.

Fundi wa Kirumba

Naongezea kwenye HO mambo ya nyumba zetu.

Usiweke reli moja kwa moja kwenye tailizi, zinateleza, maungio yanaachia kidogo kidogo, umeme unapotea upande mmoja. Na kapeti ndo kabisa usijaribu, nyuzi zinaingia kwenye giya za kichwa. Nenda kanunue plaiwudi ile ya futi nane kwa nne, mwambie fundi mbao aikate katikati upate futi nne kwa nne. Seti za kuanzia za Bachmann nyingi zinakuja na reli za kupanga umbo la yai, inchi 47 kwa 38, kama sentimita 119 kwa 97, linakaa juu ya hiyo plaiwudi bila kubana. Mti unasimama katikati ya yai, miguu mitatu inaingia ndani vizuri maana hapo una nafasi kama sentimita 85. Reli za hiyo kampuni zina kokoto za plastiki chini yake, unabana tu moja na nyingine, hakuna kupigilia.

Yale mapambo marefu ya kung'aa ya kuning'iniza, yasiguse reli hata kidogo. Mengine yana utando wa madini unaopitisha umeme. Kikidondoka kipande kimoja kikalala juu ya reli mbili ni shoti, treni inasimama na kontrola, lile boksi lenye kitasa, inachemka.

Na kwa kuwa uko karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wa ziwani wakifuata taa usiku wanafia juu ya reli, magurudumu yanawasaga, asubuhi treni inaenda kwa kushtuka shtuka unadhani imeharibika. Kitambaa cha pamba na spiriti ya duka la dawa, pitisha juu ya reli, geuza kichwa ufute na magurudumu. Usitumie msasa, unachimba mistari na uchafu unapata pa kukaa.

Umeme ukikatika kama mna betri ya sola ya volti 12 nyumbani njoo nikufungie dima ndogo ya DC, yaani kitasa cha kupunguza na kuongeza umeme, na fyuzi ya ampea 2, itatembea. Fyuzi ni lazima maana betri ya sola ikipigwa shoti inayeyusha waya. Hii ni kwa zile HO za kawaida, zile za dijitali hapana usijaribu.

Kijana wa Buhongwa

Shikamooni. Me nauliza tu dada, hiyo honi je? Maana umesema mzee anaisikiliza honi.

Mdau wa Reli Isaka

Marahaba kijana, swali zuri sana. Zenye sauti zipo ila kwenye HO bei inaruka. Anaweza kurekodi honi ya treni yenyewe pale stesheni kwa simu, akaiweka kwenye spika ndogo ya bluetooth nyuma ya mti. Itakuwa honi anayoijua mzee.

Binti wa Mwanza South

Wakuu nawashukuru mno, nimesoma kila mmoja mara mbili. Mrejesho.

Nimeamua HO. Kaka kanitumia picha ya lebo na imeandikwa 100-240V, fundi nimeikuza nikaisoma herufi kwa herufi. Mama Wawili nimekusikia, yule wa kutambaa ni wa dada yangu na anakuja sikukuu, tutaweka kiti cha mzee upande wa mlango na mabenchi upande mwingine asipite.

Jana jioni plaiwudi ilikuwa haijaja nikasema ngoja nipime kwanza. Nimefunga kamba kwenye mguu wa mti, nikakata sentimita 46, mwisho wa kamba nikashika chaki nikazunguka nayo sakafuni. Mzee ananitazama muda wote haulizi kitu. Nilipomaliza akasema, "Hiyo kona ni kali, unapitisha nini hapo?" Nikashindwa kumficha baba yangu, nikamwambia. Alikaa kimya kidogo halafu akaniambia nimletee chaki. Akainama kutoka kwenye kiti, akafuta mstari kwa kiganja pande mbili, akachora reli nyoofu kila upande, akasema behewa haliwezi kuzunguka kona tu muda wote, lazima pawe na mahali pa kusimama watu washuke. Yaani kachora lile lile yai la fundi na hajui kama lipo.

Mjukuu kauliza hapo pa kusimama panaitwaje. Mzee kaandika kwa chaki kwenye tailizi, Mwanza South. Nimewakataza wote wasideki hapo mpaka plaiwudi ifike.

Kijana wa Buhongwa, Jumamosi naenda stesheni na simu.