Subaru Forester turbo ya Arusha: niweke turbo ya VF30 ya mtumba au 20G mpya?

Mpandamilima_SG (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nina Forester SG5 ya 2004, ile 2.0 turbo, gia za mkono, injini EJ205. Wajapani waliliandikia nguvu za farasi 220 kiwandani. Nimekaa nalo mwaka wa tatu, nimebadilisha klachi, tairi nne na pedi za breki, basi. Turbo ni ile ile lililokuja nayo, kale kadogo ka Mitsubishi.

Kila mwezi nashuka Tanga kumsalimia mama. Tatizo linaanza nikishapita Same: malori yamefuatana kama siafu, nikipata mwanya wa kupita gari linavuta vizuri mpaka mizunguko 5,000 hivi, halafu linakata pumzi kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Nikiwa na siku ya ziada napinda Mombo kupanda Lushoto. Kwenye kona zile ndipo naona kabisa turbo imenielemea.

Bajeti ni milioni tatu. Kule Gerezani, Dar, kuna jamaa ana VF30 ya mtumba, anasema imetoka kwenye Impreza STI, ile Subaru ya kasi, picha aliyonitumia inang'aa hadi unajiona uso. Mtandaoni kuna TD05-20G mpya ndani ya boksi, na bei yake iko chini ya ile ya mtumba (ndiyo, mpya ni rahisi kuliko iliyotumika, hata mimi nilisoma mara mbili). Rafiki yangu mmoja ananiambia niache hizo hadithi, nifunge kale kavali ka kuzungusha kwa mkono nipandishe presha ya turbo hii hii. Saa hivi geji inasoma bar 0.8 nikikanyaga yote.

Sitaki gari la mashindano. Mama watoto analiendesha kwenda sokoni Kilombero. Ajibu aliyewahi kufunga kwa mikono yake, "nasikia" sizitaki.

Chuma_Chakavu (Dar)

20G mkuu, usijipunje. VF30 ni turbo ya wazee. Ukifungua pale Segera watu wataulizana ni nini kimepita.

Bolti10 (Tanga)

Bwana mdogo, mimi nipo huku huku unakoshukia. Gereji nimeifunga siku nyingi, mgongo umekataa, ila boksa, hizi injini za Subaru zenye silinda zilizolala, nimezifungua mpaka naziota.

Nianze na hesabu ambayo muuza turbo hatakupigia. Arusha mpo mita 1,400 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko inakandamiza kwa bar 0.86, huku kwetu pwani ni 1.01. Geji yako inapima kile kilichozidi hewa ya nje, haipimi zaidi ya hapo. Ikisoma 1 ukiwa Arusha, ndani ya injini kuna 1.86. Ikisoma 1 hiyo hiyo hapa Tanga, ndani kuna 2.01. Sindano haijasogea hata nukta, pistoni zimeongezewa mzigo.

Sasa geuza upande wa turbo. Huko juu, ili itoe 1.86 kutoka kwenye 0.86, inaibana hewa karibu mara 2.2. Huku chini, kufikisha 1 kwenye geji, inaibana mara 2 tu. Kwa hiyo Arusha turbo inazunguka kasi zaidi kwa kazi ile ile, inachemsha hewa zaidi, na inachelewa kuamka kwa vile moshi wa kuisukuma ni haba. Kavali ka rafiki yako kakiwekwa juu ya turbo ndogo kwenye milima ni kuigeuza turbo kuwa pasi ya umeme. Hewa unaipata, lakini ya moto.

Haya niliyalipia. Nilikuwa na Impreza ya EJ205 kama hiyo yako, nikaitia 20G. Kutuni, yaani kuipanga upya kompyuta ya injini, nikaenda kutunia huko huko juu kwenu, kwa fundi mwenye sifa, na karatasi aliyonipa ilikuwa safi. Nikakaa wiki, gari tamu. Siku ya kurudi nimefika Mombo saa saba mchana, joto la kukaanga samaki, nikakanyaga kupita lori la mkonge. Nikasikia sauti kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa. Sekunde mbili, tatu, basi.

(Niweke hili sawa, maana vijana wanachanganya. Sisi tukisema injini imenoki tunamaanisha beringi za fito zimekwisha. Ile ya kokoto ni nyingine kabisa: petroli inalipuka yenyewe kwenye kona ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia.)

Nikaenda nyumbani polepole. Kesho yake nikapima kompresheni: 150, 150, 145, na silinda ya nne 90. Kufungua, ule ukuta mwembamba wa pistoni katikati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika. Kipande chenyewe kama ukucha wa kidole kidogo. Ninacho mpaka leo kwenye kopo la skrubu.

Na fundi wa watu hakunidanganya. Jedwali la mafuta na la taimingi (plagi iwashe moto wakati gani) ndani ya kompyuta alilipanga kwa hewa ya Arusha. Yale mafungu ya mzigo mkubwa, pale chini mwisho wa jedwali, gari halikuwahi kuyafikia kule, na kwa hiyo hakuyagusa. Niliposhuka kwenye hewa nzito na joto, likaingia lenyewe kwenye mafungu yasiyo na mwenyewe.

Turbo yoyote utakayofunga, itunie huku chini. Ukipanda nalo litapungua nguvu kidogo tu, halitakufia.

Tuje kwenye hizo mbili zako. 20G kwenye 2.0 kwangu haikuwahi kuamka kabla ya 4,200 nikiwa Arusha. Piga picha: upo nyuma ya lori, gia ya tatu, mizunguko 3,000. Unakanyaga, unahesabu moja, mbili, na basi la mbele linakuja na taa zimewaka. VF30 inaamka kwenye 3,500 hapa pwani, huko kwenu mbele kidogo. Kwa kupita malori hiyo ndiyo turbo. Ila usiote farasi 280 za STI. Ile ilikuwa na injini ya EJ207, kompyuta yake, na petroli ya Kijapani ya oktani 100 hivi. Petroli ya pampu zetu haifiki huko. Lenga 250 hadi 260, ushukuru.

Kabla hujatuma hela, mambo mawili. Mwambie apige picha tundu la kuingilia moshi, lile la chini. Likiwa tundu moja wazi, endelea. Likiwa na ukuta katikati, hiyo si VF30, ni zile VF36 na VF37 za njia mbili. Nazo nzuri sana, ila zinataka manifoldi yake, bomba lake, na mara nyingi hata sampu yake, lile beseni la oili chini ya injini. Namba imegongwa kwenye kibati juu ya kasha la hewa, asome kibati asikusomee kichwani.

La pili, kung'aa si kitu, brashi ya waya ni elfu mbili. Mtume mtu ashike nati ya feni kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo upande kwa upande, ruksa, kavu huwa hivyo. Ikienda mbele na nyuma hata unywele, aiache pale pale. Halafu aangalie makali ya feni ya hewa. Turbo iliyokuwa inavutia vumbi bila chujio la maana, makali yake yanakuwa kama msumeno.

LegacyLimuru (Kenya)

Mzee wa Tanga ameongea. Mimi niko Limuru, zaidi ya mita 2,000, na kila Desemba tunateremka Mombasa, kwa hivyo hiyo hesabu naijua kwa mfuko.

Niongeze mambo ya kompyuta. Kaka, kabla ya kununua chochote, tafuta laptopu na waya wa kuunganisha, weka RomRaider, ni ya bure. Rekodi safari moja tu ukikanyaga gia ya tatu kutoka 2,500 mpaka 6,500. Utaona presha, taimingi, na ile sensa ya kugonga, inayosikiliza zile kokoto, inarudisha taimingi nyuma mara ngapi. Mimi nilidhani yangu iko sawa kwa sababu sikusikia kitu. Kumbe ilikuwa inarudisha nyuzi tano kila nikikanyaga. Redio ilikuwa juu.

Kuhusu ile mpya ya bei rahisi: nilinunua, ikakaa miezi minne. Shafti ilikatika nikiwa napanda kutoka Naivasha, moshi wa bluu mpaka magari ya nyuma yakasimama. Hasara haikuwa turbo peke yake, oili yote ilienda kwa intakula (kile kipoza hewa ya turbo) na kwa egzosti, nikaosha wiki nzima.

Na ile bolti ya kupeleka oili kwa turbo, kwa injini nyingi za miaka hiyo ina kichujio kidogo cha waya ndani. Kikiziba, turbo mpya inakufa kama ya zamani. Itoe uione kwa macho.

Chuma_Chakavu (Dar)

Mnamtisha mtu bure. 20G original ya Mitsubishi haifi hivyo.

Bolti10 (Tanga)

Original sina ugomvi nayo, tena ifunge kwenye 2.5 utaniita. Ya bwana mdogo ni 2.0, na ile ya bei chini ya mtumba unajua na mimi najua haijawahi kuiona Japani.

Nilisahau, mwanangu. Angalia masega, vile visafisha moshi. Nyingi za modeli hizo zina masega madogo ndani ya bomba linalopandisha moshi kwenda kwenye turbo, yaani kabla ya turbo. Yakianza kumeguka yanapita katikati ya feni. Kukata pumzi kwenye 5,000 kunaweza kuwa ni hilo, wala si udogo wa turbo.

Mpandamilima_SG (Arusha)

Wakuu, narudi na ripoti. Jumamosi nimetoa intakula na kukaza roho, nikalifungua bomba la moshi. Bolti tatu zilitoka, ya nne ilikatika, siku ikaishia hapo. Jumapili baada ya misa nikaendelea.

Masega yapo nusu. Nusu nyingine haipo. Nimemulika na tochi ya simu ndani ya turbo: feni ya upande wa moshi, ncha tatu zimeliwa, moja imepinda kama ukucha uliobanwa na mlango. Upande wa hewa ni safi. Shafti inacheza mbele na nyuma, naisikia kwenye kidole: tk, tk.

Kwa hiyo miaka mitatu naendesha turbo mgonjwa na kulilaumu gari kwamba halina nguvu.

Dada wa Limuru, bolti ya oili nimeitoa. Kichujio kilikuwa cheusi, ukipuliza hewa haipiti. Nimekitia kwenye kikombe cha petroli.

Jamaa wa Gerezani nilimwomba picha ya tundu la moshi. Alinizungusha siku mbili, mara simu haina chaji, mara mvua. Leo ametuma. Lina ukuta katikati.

Bolti10 (Tanga)

Mwache nayo, iking'aa iwe taa ya sebuleni.

Sasa sikiliza. Kwa vile ya kwako imekufa kweli, usiruke mbali. Tafuta VF35, zilikuwa kwenye Impreza WRX za Kijapani za farasi 250. Ni ndugu wa VF30, ila kasha lake la moshi ni dogo zaidi, kwa hiyo inaamka mapema. Kwa mtu wa milimani ningeitaja hiyo kwanza, sema ulikuja na VF30 mkononi nikajibu ulichouliza. Bomba la masega weka la wazi. Yale masega makubwa ya nyuma ya turbo yaache, hayakuzuii kitu na mama watoto hatanuka moshi sokoni. Kichujio cha hewa baki na boksi la kiwandani, zile koni za wazi zinavuta vumbi na hewa ya moto ya injini. Pampu ya petroli mpya, plagi hatua moja baridi zaidi. Hapo milioni tatu itakuwa imeshapumua kwa shida.

Kutuni njoo huku. Tufanye mchana wa jua kali, si asubuhi.

Mpandamilima_SG (Arusha)

Sawa mzee wangu. VF35 nimeulizia sehemu mbili, mmoja ametuma kibati na tundu bila kuombwa. Mwisho wa mwezi nashuka, nalivuta taratibu bila kukanyaga. Nikifika nitapita kwanza kwa mama, ukiniona nimechelewa ujue ananilisha.

LegacyLimuru (Kenya)

Uje na ile laptopu. Na uzime redio.