Swala wanaisha Simanjiro na Longido: sisi wenye leseni tuombe uwindaji usimamishwe?

Mfuata Nyayo, Usa River

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwindaji mkazi, leseni ninayo, bunduki naimiliki kihalali. Kazi hii nimeipokea kwa mzee wangu. Swali langu ni kwa wawindaji wenzangu wa Arusha na Moshi, na kwa yeyote anayeyajua mambo ya wanyamapori kwa undani.

Swala pala wamepungua. Zamani nikitembea na mzee upande wa Simanjiro, kundi ulikuwa unalikuta kabla jua halijapanda: dume mmoja na majike wake ishirini, thelathini, na pembeni vijana madume wakipimana pembe. Siku hizi unamaliza asubuhi nzima ndipo ukute majike wanne watano wamejibanza vichakani, na wanatimka ungali mbali. Pofu simzungumzii, yule amekuwa wa kusimuliwa. Choroa vilevile. Hata digidigi, ambaye zamani ulimpita bila kugeuza shingo, leo ukimwona unamgusa mwenzako bega umwonyeshe.

Msimu uliopita nilifika kwenye korongo moja lenye maji. Mchangani alama za tairi za pikipiki zimepita juu ya nyayo za swala, zimekwenda, zimerudi, zimezunguka. Mbele kidogo kuna kwato nne, kichwa cha jike na matumbo yametupwa. Kwenye mfuko wa uzazi mlikuwa na mtoto, manyoya yameshaota. Ganda la risasi hakuna. Kichwa kimetenganishwa kwa panga. Nilikaa pale muda mrefu nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilipokwenda kutoa taarifa kwenye ofisi moja inayohusika nikaambiwa niandike kwenye daftari la wageni. Nikaandika tarehe na mahali, mambo yakaishia hapo.

Sasa baadhi ya wenzangu wanasema tuandike barua sisi wenyewe wenye leseni, tuombe eneo lipumzishwe misimu miwili mitatu swala wazaliane. Wengine wanauliza: sisi tukiondoka, porini anabaki nani? Pande zote mbili naziona zina ukweli na nashindwa kuamua. Hili kwangu si la nyama tu. Nina mtoto wa kiume anayeniuliza lini nitamchukua, na sitaki nimpeleke kutembea kwenye pori tupu.

Naomba kuwasilisha.

Ole Longido

Ndugu yangu Mfuata Nyayo, nimefanya kazi ya askari wa wanyamapori wa kijiji huku Longido, kwa hiyo hilo korongo lako sihitaji kuliona, nalijua.

Wanakuja wawili kwa pikipiki, usiku usio na mbalamwezi. Mmoja anaendesha, wa nyuma ana tochi kali ya betri kubwa. Swala akimulikwa machoni anasimama palepale, haoni pa kukimbilia. Pikipiki haizimwi, mtu anashuka na panga au rungu, anarudi kwa mwingine. Risasi hawatumii kwa sababu risasi inasikika na inagharimu. Na kwa kuwa kwenye kundi la swala pala majike ndio wengi, wanaokufa ni majike. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mimba, na mimba yenyewe inakaribia miezi saba. Hesabu hiyo haihitaji shule. Alfajiri nyama imeshafika barabarani kwenye kiroba, juu wameweka mkaa au majani ya ng'ombe.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda usiku na kuwinda kwa taa. Tatizo halipo kwenye maandishi. Usiku kule nje hakuna mtu. Enduimet, hukuhuku Longido, ambako vijiji vimeungana kwenye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, kuna askari wa vijiji wanaolipwa, wana gari, na usiku wanatoka. Mahali gari linapopita usiku, tochi zinahama. Hazikomi, zinahama, lakini swala anapata nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo msimamo wangu: msiondoke. Mwindaji halali mchana ni macho porini. Ukiona tairi, piga simu siku hiyohiyo kwa askari wa kijiji husika, usisubiri kurudi mjini. Daftari la wageni halikamati mtu.

Dada wa Takwimu, Njiro

Habari za leo kaka, na wengine wote. Nimesoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, pale juu ya Moshi, na nimefanya kazi ya kuhesabu wanyama. Naomba nieleze jambo ambalo wawindaji wengi hawaambiwi.

Mgao wa wanyama wa kuwindwa unategemea sana sensa ya anga. Ndege inaruka chini kwa mistari iliyopangwa, wahesabuji wanatazama kila upande na kupiga picha. Kwa tembo, nyati, twiga, nyumbu wa uwandani, njia hiyo ni nzuri. Kwa swala pala aliyesimama chini ya mgunga saa sita mchana, ni dhaifu. Kwa digidigi, pongo na tandala mdogo ndiyo usiseme: ndege inawapita juu hawaonekani. Wanyama mnaowalalamikia ndio haohao ambao hesabu zao ni za kukisia zaidi. Wanaweza kupungua nusu, karatasi ikabaki vilevile.

Sasa tazama aliyehesabika vizuri, nyumbu wa Tarangire. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 40,000. Sensa ya 2001 ikakuta kama 5,000. Hao hawakuishia kwenye leseni za wakazi, na si tochi peke yake. Nyumbu hawa kiangazi wanakunywa Mto Tarangire, mvua zikianza wanatoka nje ya hifadhi kwenda mbuga za Simanjiro kuzaa. Majani ya kule yana fosforasi nyingi kuliko ya ndani ya hifadhi, na jike anayenyonyesha anaihitaji. Kwa maana hiyo hifadhi ina maji, nje kuna majani ya kumpa jike maziwa, na wewe ukilima katikati umemkatia njia. Ushoroba wa Kwakuchinja, yaani mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara, umebanwa na mashamba na nyumba kiasi kwamba mnyama anavuka lami ya Babati usiku kwa bahati. Njia nyingine zimeshafungwa kabisa.

Nikirudi kwenye swali: kufunga kila kitu kwa misimu mitatu kutakupa utulivu wa moyo, lakini hakutakupa taarifa. Leseni mnazorudisha zinaonyesha mlichoua. Hazionyeshi mlichokosa, na humo ndimo ukweli ulimo. Mwindaji aliyetembea tangu alfajiri mpaka saa nne asione hata dume mmoja ana habari ambayo ndege haina. Anzeni kuandika: mahali, saa mliyoanza, saa mliyomaliza, makundi mliyoyaona, dume wangapi, majike wangapi, watoto wangapi. Watoto ni muhimu kuliko wote. Ukiona majike kumi na watoto wawili miezi mitatu baada ya kuzaa, kuna kitu kinawala au kinawachinja. Mkiua dume, angalieni pembe: wa mwaka mmoja bado ni fupi na zimenyooka, huyo mwacheni akue.

Wenzetu Marekani nao wanalia kulungu kupungua katika baadhi ya maeneo, hasa majimbo ya magharibi, lakini wana vitu viwili tunavyoweza kujifunza. Tangu 1937 wana sheria inayotoza kodi bunduki na risasi, na fedha inarudi majimboni kwa kazi za wanyamapori. Na katika majimbo mengi mwindaji analazimika kutoa taarifa ya kila kulungu aliyeua, dume au jike, na mahali. Mabishano yao na ofisi huwa makali, ila kila upande unakuja na daftari.

Mfuata Nyayo, Usa River

Dada, asante sana. Hilo la kuandika tulichokosa halijawahi kunijia. Ole, nimekuelewa pia, naomba uniambie namna ya kupata namba za askari wa vijiji bila kuzungushwa.

Mchungaji wa Terrat

Nimesoma yote na nina neno, na nalisema kwa heshima.

Kila mara swala wakipungua, kidole kinaelekezwa kwetu wafugaji. Hapa hakuna aliyetutaja bado, lakini tunangoja. Basi niseme mapema. Mifugo na wanyama hawa wamelisha pamoja tangu babu zetu. Nyumbu wakizaa uwandani, mwezi wa pili mpaka wa nne, sisi ndio tunaohama, kwa sababu ndama wa nyumbu ana ugonjwa unaoua ng'ombe wetu, na chanjo ya kutegemea hatuna. Tunawaachia majani bora kuliko yote ya mwaka. Nani mwingine anamwachia nyumbu kitu?

Mwaka 2005 kijiji chetu cha Terrat, huku Simanjiro, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii: uwanda usilimwe, malisho yaendelee, kijiji kilipwe kila mwaka. Ule uwanda mpaka leo una wanyama. Ukitoka nje yake unaanza kukuta trekta. Mahindi, maharage, mpaka macho yanapoishia. Na wenye mashamba makubwa hawalali huku. Wako Arusha mjini, wengine Moshi. Kati yao wapo wenye bunduki na leseni, wanakuja Julai kuwinda kando ya shamba lao wenyewe, halafu wanauliza swala wamekwenda wapi.

Simsemi wewe Mfuata Nyayo, sikujui. Ila mkiandika barua ya kupumzisha uwindaji, andikeni na ya kupumzisha trekta. Shamba likishalimwa, halifunguki tena kwa misimu mitatu.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, nami niingie kidogo, ingawa mambo yangu ni ya mlimani, siyo ya uwandani.

Huku kwetu chini ya msitu kuna minde. Wengi wenu hamjapata kumwona na msiseme hayupo. Ni mnyama mweusi mnene wa jamii ya funo, ana kishungi cha nywele nyekundu kichwani, anatembea usiku kwenye msitu mnene. Duniani kote hapatikani nje ya Tanzania. Ana milima michache tu, Kilimanjaro ukiwa mmojawapo. Zamani vijana walikuwa wakimpata kwa mbwa. Leo hawindwi kwa leseni yoyote, msitu wote ukaingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005, na bado anaisha.

Anaisha kwa waya. Mtu anachoma tairi bovu la gari, raba inaungua, anabaki na nyaya nyembamba ngumu. Anasokota kitanzi, anakifunga kwenye mti unaopinda, kwenye njia ile nyembamba ambayo pongo au minde anapita kila usiku. Anatega hivyo mahali pengi, anarudi baada ya siku kadhaa. Mitego mingine anaisahau. Waya hausahau, unaendelea kukamata na nyama inaozea pale. Nimemfungua pongo jike aliyenaswa mguu wa mbele, waya umefika kwenye mfupa, na alipokwenda alikwenda kwa miguu mitatu.

Nalisema hili kwa sababu ya wazo la kufunga. Kwetu kulishafungwa, na kilichosaidia si kufungwa, ni vijana waliokuwa wakipita msituni kukusanya waya. Walipopita, pongo walionekana mpaka kwenye migomba. Walipoacha, kimya. Ninyi wa uwandani mna miguu na macho makali, na mnaruhusiwa kuingia. Kila mmoja wenu akitoka na waya aliouona, hiyo ni kazi kubwa kuliko barua.

Ole Longido

Mzee shikamoo. Hata huku waya zipo, kwenye njia za kwenda majini. Kata, usiuache ukining'inia, na uende nao ofisi ya kijiji uandikwe.

Na niongeze kuhusu soko. Kanuni za 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Mnaokula nyama hii mjini, nunueni penye leseni na risiti. Anayekuuzia kwa kunong'ona nyuma ya baa, nyama yake ni ya tochi.

Mfuata Nyayo, Usa River

Mzee wangu wa Kibosho, shikamoo. Mchungaji, nimekusikia na sijakasirika. Umegusa watu ninaokaa nao meza moja, na nitawaambia usoni.

Nimezungumza na wenzangu jana jioni pale Tengeru, na tumefika hapa. Barua ya kufunga eneo lote hatuandiki. Tunaandika kuomba mgao wa swala pala kwa eneo letu upunguzwe msimu ujao na upangwe upya baada ya kupokea madaftari yetu, na kuomba doria ya usiku kwenye vyanzo vya maji miezi ya kiangazi, sisi tukichangia mafuta ya gari. Kifungu cha mashamba kitaingia. Wawili walikataa kutia sahihi kwa ajili ya hicho kifungu, na hatukukiondoa.

Mimi mwenyewe msimu huu sitachukua leseni ya swala. Nitakwenda na kijana wangu bila bunduki, na daftari, na koleo ya kukatia waya. Wanaoweza kuungana nasi waniandikie faragha waseme wanatembea upande gani, tusijazane sehemu moja na kuacha nyingine.

Dada wa Takwimu, naomba msaada mmoja zaidi: safu za hilo daftari zipangwe vipi ili ofisini wasije wakasema hazisomeki? Ukituma mfano, kesho nachapisha nakala pale mjini na kuzisambaza.

Dada wa Takwimu, Njiro

Nitakutumia usiku huu, ukurasa mmoja tu. Weka safu ya hali ya majani na maji, usiiache hiyo: mwaka wa ukame swala husogea, na asiyejua ataandika wamekufa. Na kila ukurasa uandikwe hata kama hukuona kitu. Hasa kama hukuona kitu.